MAJARIDA YA CHUO KIKUU YATAKA MCHUNGAJI

Mvua za Novemba zinapoanguka Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, mkulima hushika jembe akaenda kupanda pamba. Mbegu anayoifukia haikushuka na mvua hiyo. Mbegu ziitwazo UK91 na UKM08 zilitokana na kazi ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, na herufi UK ni za jina la kituo hicho.

Mtaalamu atafutaye mbegu bora hafanyi kazi kwa kubahatisha. Husoma kwanza mambo ambayo wenzake wa Sudan, India au Marekani wamekwisha kuyajaribu, asije akapoteza miaka akitafuta jambo lililokwisha kupatikana. Habari hizo, kabla hazijaingia vitabuni, hutoka katika majarida. Kwa sababu hiyo twapenda leo kusema neno juu ya mtumishi ambaye wengi hawamjui: mkutubi asimamiaye uagizaji wa majarida katika maktaba ya chuo kikuu.

Wako wanaodhani kwamba kazi yake ni kupanga karatasi rafuni, na kwamba mtu yeyote aliyekosa nafasi penginepo aweza kupewa. Dhana hiyo ni potofu. Kitabu hununuliwa mara moja, lakini jarida hulipiwa kila mwaka, nalo huja toleo baada ya toleo. Toleo moja likipotea njiani pasipo mtu kutambua, mfululizo umekatika, na baada ya muda mchapishaji hatakubali tena kulileta bila malipo mapya. Mkutubi huyo sharti ajue kila toleo linalotazamiwa, alidai lililochelewa, ayajalidi yaliyotimia, na awaulize walimu ni jarida lipi lisomwalo na lipi lilipiwalo pasipo msomaji.

Siku hizi majarida mengi husomwa kwa intaneti. Kazi haikupungua kwa hilo, bali imezidi kuwa ngumu. Chuo hakinunui tena karatasi, kinanunua ruhusa ya kusoma. Mkataba usipoandikwa vema, siku malipo yanapokoma mlango hufungwa, na hata matoleo yaliyolipiwa miaka iliyopita hayasomeki. Tena iko mipango, kama ule wa Hinari ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya, inayozipatia nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Asiyeijua atatoa fedha za kigeni kwa kitu ambacho angekipata bila gharama.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili. Chuo chetu kikuu cha kwanza kilianza Oktoba 1961, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kuwataka wachapishaji waweke nakala za kazi zao katika maktaba ya chuo hicho. Huko kulikuwa kuona mbali. Lakini katika miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika, na maktaba nyingi za vyuo vikuu vya Afrika zikashindwa kulipia majarida. Mapengo ya miaka ile si rahisi kuyaziba.

Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Ni jengo la fahari, nasi twalifurahia. Lakini jengo halidai toleo lililochelewa, wala halisomi mkataba. Hayo ni kazi ya mtu.

Tusisahau pia majarida ya kwetu. Jarida la Kiswahili lina asili yake katika mwaka 1930, na lile la Tanganyika Notes and Records lilianza mwaka 1936. Jarida la Ulaya likipotea hapa, nakala yake itapatikana London. Jarida dogo la hapa nchini, lililochapishwa kwa nakala chache, likipotea hapa litatafutwa wapi?

Kwa hiyo twavishauri vyuo vyetu vikuu. Vinapoajiri mkutubi wa majarida, vimtafute aliyesomea kazi hiyo, ajuaye hesabu na asomaye mkataba mpaka mstari wa mwisho. Visimtazame ni mtoto wa nani wala katoka kwa nani. Vikiisha kumpata, vimpe fungu la fedha lisiloguswa katikati ya mwaka kwa ajili ya posho na safari, maana mfululizo uliokatika mwezi mmoja huharibu kazi ya miaka kumi.

Wazee wa Usukumani hawamkabidhi ng'ombe mtu asiyejua kuwahesabu. Jioni kundi linaporudi, mchungaji hodari hutambua mara moja ni ndama yupi hayupo, naye hurudi porini kumtafuta kabla giza halijaingia. Mchungaji wa namna hiyo ndiye tunayemtaka katika maktaba zetu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali hii ikipotea, hasara haitaishia Dar es Salaam. Itafika mpaka shambani, Lagangabilili.