Komiki Uliyoficha Kwenye Plastiki Haitakulipia Rent

Wasee, tangu Novemba 2025 sijapumzika. Kila mtu anayejua napenda komiki amenitumia ile habari ya ndugu watatu wa California waliokuwa wakipitia vitu vya mama yao marehemu, wakapata boksi darini chini ya magazeti ya zamani. Ndani kulikuwa na Superman namba 1 ya mwaka 1939. Ikapigwa mnada kwa dola milioni 9.12. Kwa pesa yetu hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 1.1, kwa kitabu kilichokuwa kikiuzwa senti 10 za Marekani.

Na kila anayenitumia anamalizia na swali lile lile: "Buda, na zako utauza lini?"

Nijibu mara moja, halafu tuendelee na maisha. Mimi nina komiki 63, boksi mbili chini ya kitanda, Umoja. Ukiniletea mtu wa kuzichukua zote leo jioni, hiyo pesa hainunui simu ya maana. Nazipenda hivyo hivyo. Kinachonikera ni wale wanaowaambia vijana kwamba kukusanya komiki za zamani ni uwekezaji, eti weka moja sasa, ukifika miaka arobaini utanunua ploti. Nakereka kwa sababu hiyo boksi na mimi niliingia.

Nilikuwa mwaka wa pili kampasi. Jamaa mmoja, jina lake halitoki hapa, aliniuzia Superman namba 75, ile ya kifo cha Superman, iliyotoka Novemba 1992. Ilikuwa bado kwenye mfuko wake mweusi wa plastiki, ile herufi S nyekundu inachuruzika damu, haijawahi kufunguliwa. Elfu saba na mia tano. Hiyo ilikuwa pesa yangu ya matumizi, na mwezi ule nilijua ladha ya ugali na sukuma kwa undani sana. Jamaa aliniambia, "Usiwahi kufungua. Hii ndiyo karo yako ya masters." Nikaamini. Maze, ungeiona ungeamini pia. Ilikaa kama kitu cha thamani.

Mwaka jana laptopu yangu ikazima, ikakataa kuamka, na nilikuwa na kazi ya mteja ya kukabidhi. Nikasema sasa ndio wakati wake. Nikaingia eBay na nikafanya kitu ambacho ningefanya kabla ya kutuma ile M-Pesa: sikuangalia bei watu wanazoomba, niliangalia bei za zilizokwisha kuuzwa. Mtu yeyote aliyewahi kuinama Gikomba anaelewa tofauti. Bei ya kwanza unayotajiwa ni salamu tu. Kulikuwa na watu wanaomba dola mia tatu bila aibu. Zilizouzwa kweli zilikuwa nyingi kati ya dola 10 na 20. Kuituma Marekani peke yake kungemeza hiyo pesa na kudai zaidi. Laptopu niliazima ya binamu yangu.

Basi nikaanza kusoma, na hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Komiki za zamani hazikupanda bei kwa sababu mtu alikuwa mwerevu akaziweka. Zilipanda kwa sababu karibu hakuna aliyeziweka. Zilichapwa kwa karatasi duni kama ya gazeti, inayogeuka njano na kuvunjika. Watoto walizisoma, wakazikunja mfukoni, wakabadilishana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Marekani ilikusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya vita, na komiki zikaenda kwa magunia. Zilizobaki, mama walitupa siku ya usafi. Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, alimoanzia Superman, inakadiriwa kwamba zilichapwa nakala kama 200,000 na zimebaki kama mia moja tu. Nakala moja iliuzwa dola milioni 6 Aprili 2024.

Sasa miaka ya tisini watu wakaona hizo bei zikianza kupanda, wakasema na sisi tuweke. Mwaka 1991 Marvel ikatoa X-Men namba 1 mpya ikiwa na majalada matano tofauti. Hadithi ni ile ile, jalada tu ndilo linabadilika. Zikauzwa zaidi ya milioni nane, rekodi ya Guinness. Watu walinunua kumi kumi, wakazifungia plastiki, hawakusoma hata moja. Mwaka uliofuata ikaja ile ya Superman ya kwangu, mfuko mweusi, nayo kwa mamilioni. Unaona shida? Kitu kikiwekwa vizuri na kila mtu, hakiwezi kuadimika. Soko likaanguka, maduka mengi ya komiki Marekani yakafunga, na Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa kufilisika. Yaani ile ninayoishika mimi si masalio ya dhahabu. Ni masalio ya ajali.

Najua mtu atakuja na Spider-Man. Ni kweli, Amazing Fantasy namba 15 ya mwaka 1962 iliuzwa senti 12, na mwaka 2021 nakala moja ikaenda kwa dola milioni 3.6. Lakini hiyo ilikuwa na alama 9.6 kati ya 10. Kuna kampuni inaitwa CGC, iko Florida, kazi yake ni kukagua komiki, kuipa alama, na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Kona iliyojikunja kidogo inaweza kukata bei vibaya sana. Ukishafungiwa hivyo, hausomi tena, isipokuwa uvunje hilo jeneza na alama ipotee. Huo mchezo unahitaji uwe na pesa kabla ya kuanza. Mtu anayekopa Fuliza ili aingie ndiye anayelipia wengine kutoka.

Na kuna kitu kingine ambacho sisi tunaotengeneza content tungekizungumzia zaidi ya bei za mnada. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana waliomtunga Superman, walimuuza kwa dola 130 mwaka 1938. Dola 130, haki zote. Mwaka 2012 ile hundi waliyolipwa, karatasi tu, ikapigwa mnada kwa dola 160,000. Hundi ya kuwanyonya ilipanda bei kuliko malipo yenyewe! Mimi hiyo ndiyo nimeibandika ukutani juu ya meza, si jalada la Superman. Mwezi wa tatu nilitumiwa mkataba wa kuchora mhusika wa tangazo, na kwenye ukurasa wa nne kulikuwa na kale kasentensi kanakosema kila kitu ni chao milele. Nilirudisha. Walibadilisha. Kumbe inawezekana.

Kama bado unataka kukusanya, na natumaini unataka, anza na kitu ambacho ungefurahia kuwa nacho hata kama bei yake ni sufuri. Na usivuke bahari kabla ya kuangalia chini. Juzi kwa wale wauzaji wa inama mjini nilipata Pichadithi ya Lwanda Magere kwa 150 bob, jalada limechanika pembeni. Hizo zilianzishwa na Terry Hirst miaka ya themanini, yeye na Hilary Ng'weno ndio waliokuwa wameanzisha jarida la Joe mwaka 1973. Jamaa mwenye mwili wa jiwe, mkuki hauingii, na udhaifu wake uko kwenye kivuli. Niambie huyo si shujaa wa kiwango cha Superman. Muuzaji aliniambia nyingine kama hizo zilienda na mvua. Zile zilizotupwa na mama za Marekani ndizo zinatafutwa leo kwa mabilioni, na zetu zinafungiwa karanga sasa hivi, tukiangalia. Sisemi zitapanda bei. Labda hazitapanda hata shilingi. Nasema zinaisha.

Ile ya mfuko mweusi niliifungua Jumapili iliyopita, kwa makasi ya jikoni. Ndani kulikuwa na bango, kitambaa cheusi cha kufunga mkononi, na kipande cha gazeti la kubuni kinachotangaza kifo. Dada yangu mdogo alikivaa kile kitambaa, tukakaa kwenye kochi tukasoma. Dan Jurgens alichora kila ukurasa kama picha moja kubwa, ngumi baada ya ngumi, hadi pale Lois amemshika na nyumba zote zimebomoka. Dada yangu alinyamaza muda mrefu kwa mtu wa umri wake. Halafu akauliza, "Kwani ndio basi? Harudi?"

Nikamwambia hizo za kurudi kwake bado sijapata, ila najua msee anaziuza. Soo mbili moja.