Maji Yaliyomwagika: Je, Mnyama Aliyeangamizwa Aweza Kufufuliwa?

Wahenga walisema kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Katika miaka ya karibuni wamezuka wanasayansi ambao, kwa vitendo vyao, wanaisuta methali hiyo. Wanadai kuwa mnyama aliyekwisha kuondoka duniani, awe mamothi wa nchi za barafu au mbwamwitu wa kale wa Amerika, aweza kurejeshwa kwa ufundi wa maabara. Wapo waliolipokea dai hilo kwa vifijo na wapo walioingiwa na hofu. Makala haya yanashikilia kuwa maji yaliyomwagika kweli hayazoleki, na kwamba linalopasa ni kuyalinda machache yaliyosalia mtungini. Sayansi hii ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo ni finyu kuliko inavyotangazwa.

Yafaa kuanza na lugha, kwani upotoshaji wa jambo hili huanzia katika maneno. Aghalabu huandikwa kuwa mnyama fulani 'ametoweka'. Kitenzi hiki ni kipole mno. Mtoto aliyetoweka sokoni hutafutwa na huenda akapatikana kabla ya magharibi. Wengine husema 'ameangamia', kana kwamba maangamizi yalimjia yenyewe, bila ya mtendaji. Ni kauli ya kutendwa, 'ameangamizwa', inayomlazimu msomaji kuuliza: na nani? Vivyo hivyo, neno 'kufufua' limebeba maana nzito. Anayefufuliwa ni yule yule aliyekufa. Mtoto anayepewa jina la babu yake marehemu hasemwi kuwa ni babu aliyefufuka, hata wakishabihiana sura na mwendo. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) lilitoa mwongozo kuhusu suala hili, na badala ya kuzungumzia ufufuo, liliwaita viumbe hao vibadala vya spishi zilizoangamizwa. Kibadala ndilo neno la haki.

Mfano wa karibuni unalithibitisha jambo hili. Mnamo Aprili 2025, kampuni ya Colossal Biosciences ya Dallas, Marekani, ilitangaza kuzaliwa kwa watoto watatu: Romulus, Remus na Khaleesi. Ilidaiwa kuwa hao ni mbwamwitu wa kale, spishi iliyoondoka duniani yapata miaka 10,000 iliyopita. Yaliyofanyika ni haya: wataalamu walisoma DNA iliyopatikana katika jino na fuvu la kale, wakachukua seli za mbwamwitu wa kijivu anayeishi leo, wakafanya mabadiliko 20 katika jeni 14, kisha wakapandikiza viinitete katika matumbo ya mbwa wa kufugwa. DNA ya kale ilitumiwa kama ramani tu. Jenomu ya mbwamwitu ina herufi zaidi ya bilioni mbili. Mhariri akibadilisha maneno 20 katika kitabu cha kurasa elfu moja, hawezi kudai kuwa ameandika kitabu kingine. Haishangazi basi kwamba wataalamu wa IUCN wanaoshughulikia jamii ya mbwa walikataa kuwaita watoto hao mbwamwitu wa kale.

Kuna waliokuwa waungwana zaidi katika kutaja walichokifanya. Kwaga, aina ya punda milia wa Afrika Kusini aliyekuwa na milia mbele tu, aliwindwa hadi wa mwisho akafia katika bustani ya wanyama ya Amsterdam mnamo tarehe 12 Agosti 1883. Kuanzia mwaka 1987, Reinhold Rau na wenzake walianza kuwachagua na kuwazalisha punda milia wa kawaida wenye milia michache nyuma. Vizazi vilivyopatikana vinafanana na kwaga kwa rangi. Hata hivyo, wenye mradi huwaita 'kwaga wa Rau', ili mtu asidhani kuwa yule wa kale amerudi.

Jaribio lililokaribia zaidi maana ya kurejesha lilifanywa Uhispania. Mbuzimwitu wa milima ya Pyrenees aitwaye bukardo alibaki mmoja tu, jike lililopewa jina la Celia. Mwaka 1999 wataalamu walichukua seli za mwili wake na kuzigandisha. Mwezi wa Januari mwaka 2000, mti ulimwangukia akafa. Kwa kutumia seli zile, na kwa njia iliyomleta kondoo Dolly mwaka 1996, mtoto mmoja alizaliwa mwezi wa Julai 2003. Mapafu yake yalikuwa na kasoro, akafa baada ya dakika chache. Ndiyo kusema kuwa bukardo aliangamia mara mbili. Lakini tuseme mtoto huyo angeishi, hali ingekuwaje? Angekuwa jike pekee, nakala ya jike pekee, bila dume popote duniani. Kundi la wanyama haliundwi na kiumbe mmoja, sawa na jinsi jamii ya wasemaji haiundwi na msemaji mmoja.

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali ili kuliona suala hili likiishi. Kifaru mweupe wa kaskazini alienea Uganda, Chad, Sudan, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Ujangili, uliochochewa na vita na biashara ya pembe, ulimmaliza porini. Mnamo Desemba 2009 vifaru wanne wa aina hii walisafirishwa kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika Jamhuri ya Cheki, hadi hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia. Suni alikufa mwaka 2014. Sudan, dume la mwisho duniani, alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 45. Kilichobaki kikawa majike mawili: Najin, aliyezaliwa mwaka 1989, na bintiye Fatu, aliyezaliwa mwaka 2000. Kwa sababu za kiafya, hakuna kati yao awezaye kubeba mimba.

Tangu Agosti 2019, wataalamu wa mradi wa BioRescue, kwa ushirikiano na Ol Pejeta na shirika la wanyamapori la Kenya (KWS), wamekuwa wakivuna mayai ya vifaru hao. Mayai hayo hupelekwa Italia na kurutubishwa kwa mbegu za madume zilizogandishwa. Mwaka 2021, baada ya kuzipima hatari, waliamua kumpumzisha Najin kwa sababu ya umri na afya yake, uamuzi unaoonyesha kuwa maadili yaweza kuketi meza moja na sayansi. Viinitete zaidi ya 30 vimehifadhiwa katika baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, vikisubiri mama wa kuvibeba. Mama hao ni vifaru weupe wa kusini.

Tukio la mwaka 2023 linafundisha mengi. Ili kuijaribu njia yenyewe, mnamo Septemba kiinitete cha kifaru wa kusini kilipandikizwa katika jike aitwaye Curra. Mimba ikashika. Novemba yake mvua kubwa ilinyesha, bakteria wakaibuka udongoni, Curra akaugua na kufa. Alipopasuliwa, kijusi dume cha siku 70 kilipatikana tumboni, kikiwa na urefu wa sentimita 6.4. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mimba ya namna hiyo kushika katika kifaru. Ufanisi ulijulikana kwa njia ya msiba. Maabara iliweza kuunda kiinitete na kukituliza tumboni, lakini haikuweza kumkinga mama na udongo aliokanyaga.

Hapa ndipo hoja kuu ya makala haya inaposimama. Kwa nini kuna matumbo ya kusini ya kuwabebea vifaru wa kaskazini? Mwishoni mwa karne ya 19, vifaru weupe wa kusini walikuwa hawazidi 100, wote nchini Afrika Kusini. Leo ni zaidi ya 15,000. Hawakurudishwa na maabara. Waliongezeka kwa sababu walitengewa ardhi, wakalindwa na askari wa wanyamapori, na baadhi yao wakahamishiwa makao mapya, Kenya ikiwemo. Vivyo hivyo, vifaru weusi wa Kenya walipungua hadi chini ya 400 katika miaka ya 1980, nao sasa wamepita 900 kwa ulinzi wa usiku na mchana. Kwa hiyo, hata muujiza wa maabara ukitimia Laikipia, utakuwa umezaliwa katika tumbo lililookolewa na mlinzi aliyelala nje kwenye baridi. Mlinzi huyo hapigwi picha na magazeti ya dunia.

Hatari kubwa ya neno 'ufufuo' ni kwamba humpunguzia mwanadamu uchungu wa kuua. Ikiwa kilichouawa chaweza kurudishwa, kuna haja gani ya kukilinda? Hofu hii si ya kubuni. Habari za mbwamwitu zilipotangazwa Aprili 2025, Doug Burgum, waziri wa Marekani aliyekuwa akisimamia ardhi za umma na wanyamapori, aliusifu uvumbuzi huo na kusema kuwa uvumbuzi, si kanuni, ndio njia ya uhifadhi. Hayo yalitamkwa siku zile zile ambapo wataalamu walikuwa wakipinga kwamba mbwamwitu wa kale amerudi. Maabara ikigeuzwa kuwa kisingizio cha kulegeza sheria, itakuwa imeua wengi zaidi ya itakaowahi kuwaunda.

Wapinzani wa msimamo huu watauliza: Je, mwanadamu aliyeharibu hana deni la kutengeneza? Deni analo. Tena si haki kuipuuza sayansi yenyewe. Huko Marekani, kicheche mwenye miguu myeusi amesalimika kwa idadi ndogo, wote wakitokana na mababu wachache mno. Mnamo Desemba 2020 alizaliwa Elizabeth Ann, nakala ya kicheche aliyekufa mwaka 1988 na ambaye seli zake zilikuwa zimegandishwa. Lengo halikuwa kumfufua marehemu, bali kuurudishia ukoo ulio hai urithi uliokuwa umepotea. Huko ni kulipa deni kwa aliye hai. Anayelipa deni kwa kuchonga sanamu ya aliyemdhulumu hajalipa kitu.

Kwa msingi huo, kila mradi wa aina hii wapaswa kuulizwa maswali matatu kabla ya kupigiwa makofi. La kwanza, mkono uliomwangamiza mnyama huyu umezuiwa? Kumleta duniani kifaru mwingine ilhali pembe ingali na soko ni kumwandalia jangili karamu. La pili, makao yake yapo? Mbwamwitu wa kale aliishi na wanyama wakubwa wa enzi ya barafu ambao wengi wao hawapo tena; hao watatu wa Colossal huishi ndani ya ua. La tatu, nani atamlea? Ndama wa kifaru hujifunza kwa mamaye malisho, maji na tabia za kundi. Elimu hiyo haimo katika jeni wala haigandishwi.

Kwa kifaru wa kaskazini, jibu la swali la tatu lina muda. Mimba ya kifaru huchukua takriban miezi 16. Ndama akizaliwa Najin na Fatu wangali hai, atawakuta wenye kujua namna ya kuwa kifaru wa kaskazini. Akizaliwa baada yao, atakuwa na damu yao bila ya malezi yao. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuunganisha uzi uliokaribia kukatika na kufuma uzi mpya na kuupa jina la zamani. Kazi ya Laikipia yastahili kuungwa mkono kwa sababu uzi haujakatika.

Nao wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana dhima hapa. Habari za sayansi hii zitaendelea kufika Afrika Mashariki, na watakaozitafsiri magazetini, redioni na vitabuni watatoka miongoni mwao. Wakiandika 'amefufuliwa', watakuwa wametangaza msamaha ambao mhalifu hajauomba. Wakiandika 'ameundiwa kibadala', watakuwa wamesema kweli. Na wakiandika 'aliangamizwa', msomaji atauliza ni nani aliyefanya hivyo, na jibu litamrudisha kwa walio hai ambao bado wanaweza kulindwa.