Picha ya Mpishi wa Chapati

Watu waliolelewa Pipeline, huko Embakasi, na ambao sasa wana kazi na makazi mahali pengine, hurudi mara kwa mara kuwasalimu jamaa zao. Siku hizi aghalabu huja na kamera, au na simu yenye kamera nzuri, na miongoni mwa watu wanaotamani kuwapiga picha ni yule mama aliyekuwa akipika chapati na mandazi penye mlango wa ploti. Jambo hili si la ajabu. Mama wa namna hiyo ndiye aliyewalisha alfajiri kabla ya shule, na siku ambazo nyumbani hapakuwa na senti aliandika deni katika daftari lake, akangoja mwisho wa mwezi.

Mtaa huo ulipata jina lake kwa bomba la mafuta litokalo Mombasa, lililoanza kazi mwaka 1978. Nyumba za orofa zilifuata baadaye, nyingine zikifika orofa saba na zaidi, nazo zimesogeleana hata mtu wa dirisha hili karibu aweze kumpa chumvi mtu wa dirisha lile. Kwa mpiga picha neno hili ni kubwa. Jua halifiki chini ya vichochoro vile ila karibu na saa sita mchana, na saa hiyo huwa kali mno, likatia kivuli machoni. Tena mpishi hangoji saa sita. Kazi yake kubwa ni kabla ya mapambazuko, na tena jioni watu wanaporudi kutoka viwandani. Nuru iliyopo basi ni ya makaa na ya taa moja ya umeme, nayo yatosha. Mwenye kuwasha taa ya kamera hufukuza kile kile alichokuja kukitafuta, akapata ukuta mweupe na mtu aliyefumba macho.

Jambo jingine ni unga. Kamera hudanganywa na weupe: ikiona kibao kilichojaa unga hudhani pana mwanga mwingi, ikaitia picha giza, na uso wa mpishi, ambao ni mweusi, ukapotea. Dawa yake ni kuipima nuru usoni. Mwenye simu auguse uso wa mpishi juu ya kioo cha simu kabla ya kupiga.

Halafu yampasa aijue kazi yenyewe. Unga hukandwa kwa maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, ukafunikwa upumzike, kisha hukatwa madonge. Kila donge husukumwa, hupakwa mafuta, huviringwa kama konokono na kusukumwa tena, na hiyo ndiyo sababu ya chapati kuwa na matabaka. (Ufundi huu asili yake ni Bara Hindi, ambako walitoka vibarua zaidi ya 30,000 waliokuja kujenga reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901, leo ni vigumu kumshawishi mtoto wa Nairobi ya kwamba chapati ya Krismasi ni chakula cha kigeni.) Mikono ya mpishi hodari huenda mbio mno, lakini pana nukta moja ya utulivu, naye ni pale anapongoja upande wa chini upate madoa kabla ya kuigeuza. Hapo mikono hutulia, uso huinama, na makaa huumulika kutoka chini. Asiyejua chapati hupiga picha ishirini za mikono iliyofifia, akailaumu kamera.

Lakini ugumu wa kweli haumo katika nuru wala katika unga. Kijana husema, "Mama, naomba nikupige picha ukiwa kazini." Mama hujibu, "Ngoja basi, mwanangu, nivue aproni hii nikavae vizuri." Hapo nia zao hutengana. Kijana ataka moshi, kitambaa cha kichwani, na unga uliofika viwikoni, kwa maana ndivyo anavyomkumbuka. Mama ataka gauni lake la kanisani. Wako wanaomcheka na kumsihi abaki alivyo, wakidai ya kwamba huo ndio ukweli, kana kwamba gauni la kanisani ni la kuazima. Katika miaka ya 1950 na 1960, watu waliokwenda studio ya N. V. Parekh mjini Mombasa walivaa nguo zao bora, wakajipanga mbele ya kamera kama walivyotaka kuonekana. Hakuna aliyewarudisha nyumbani wakavae nguo za kulimia. Mama wa Pipeline hadai zaidi ya hayo.

Tena ana haki ya kuuliza picha itakwenda wapi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na mwezi wa Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuitangaza picha ya mteja bila idhini yake. Mpishi hahitaji kuijua sheria hiyo kwa kifungu. Amekwisha kuona nyuso za watu wa mitaa ya namna yake zikipamba matangazo ya watu wengine, na wenye nyuso wasipate hata nakala.

Hata hivyo kuacha kabisa kupiga picha ni hasara. Mwezi wa Oktoba na Novemba 2021, nyumba na vibanda vya maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga, jirani kabisa na Pipeline, vilibomolewa ili kupisha barabara. Mahali palipokuwa na jiko na benchi pakawa vumbi kwa muda wa siku chache, na aliyekula hapo kwa miaka kumi hana cha kumwonyesha mtoto wake.

Basi na zipigwe zote mbili: ya gauni kwanza, kwa heshima yake, na ya kazini baadaye, akikubali. Zichapishwe kwenye karatasi, ziletwe Pipeline kabla hazijaonyeshwa kwa mtu mwingine, nazo ziwe ndani ya fremu yenye kioo, kwa sababu moshi na mafuta ya kikaango huharibu karatasi upesi. Nyuma yake iandikwe tarehe, mahali, na jina kama yeye mwenyewe apendavyo kuitwa. Ile ya gauni yaelekea itatundikwa ukutani mbele ya wageni. Ile ya unga huenda akaitia sandukuni, pamoja na daftari la madeni.