Parachichi Halivunwi kwa Mawe
Msimu wa parachichi ukifika, watoto hupopoa miti ya uani kwa mawe na watu wazima hunyamaza. Tusinyamaze. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa pale, kisha huiva baada ya kuchumwa. Likichumwa changa hunywea na kubaki gumu kama mpira, halina ladha, kwa sababu mafuta hayajajaa. Dalili zipo: kwa aina nyingi ganda hupoteza mng'ao na kikonyo huanza kuwa cha manjano. Chuma moja kubwa ulipasue: ngozi ya kokwa ikiwa nyeupe, subiri, ikiwa ya kahawia, mengine ya ukubwa huo yamekomaa. Yaangue kwa upembo wenye mfuko, au yakate kwa mkasi ukibakiza kikonyo kifupi, maana kikinyofoka huacha jeraha linaloingiza uozo. Usiyamalize siku moja; yaliyokomaa huweza kukaa mtini wiki kadhaa. Kenya imewahi kusimamisha usafirishaji wa parachichi kwa meli ili matunda machanga yasiharibu soko la nje. Jirani unayempelekea kikapu anastahili uangalifu uleule.