Kimbunga Kilipungua Nguvu, Barabara Ikakatika: Nini Kinabadilika Pwani ya Kusini

Na Mwandishi Wetu

Usiku wa kuamkia Mei 5, 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) iliutangazia umma kuwa Kimbunga Hidaya, kilichofika katika Kisiwa cha Mafia Mei 4, kilikuwa kimepoteza nguvu. Wananchi wengi wa mikoa ya pwani waliipokea taarifa hiyo kwa nafuu. Hata hivyo, mvua zilizoambatana na mfumo huohuo zilikuwa zimejaza mito na makorongo ya Wilaya ya Kilwa, na maji yakaikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika maeneo kadhaa, yakiwemo Somanga na Mikereng'ende.

Kwa wakazi wa Kata ya Kiranjeranje, iliyo kando ya barabara hiyo kusini mwa Nangurukuru, kukatika huko kulikuwa na maana moja: njia ya moja kwa moja kwenda Dar es Salaam ilifungwa. Mafuta, dawa, bidhaa za dukani na abiria wa mikoa ya Lindi na Mtwara hupita hapo. Njia mbadala ni kuzunguka kupitia Songea, Njombe na Morogoro, mzunguko unaopita karibu nusu ya nchi. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Innocent Bashungwa, aliweka kambi eneo la tukio pamoja na wataalamu wa Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) hadi mawasiliano yaliporejea siku chache baadaye.

Tukio hilo limeacha swali ambalo husikika kila mvua kubwa inapotangazwa: je, mabadiliko ya tabianchi yanavifanya vimbunga kuwa vikali zaidi? Jibu lake linahitaji kutenganisha mambo ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa, yaani idadi ya vimbunga, nguvu ya upepo wake na wingi wa mvua vinayoleta.

Vimbunga si jambo geni katika pwani hii. Aprili 15, 1872, kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar katika utawala wa Sultani Barghash, kikaangamiza vyombo vyake vya baharini na kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Aprili 1952, kimbunga kingine kilitua Lindi na kusababisha vifo na uharibifu mkubwa. Matukio yote mawili yalitokea kabla joto la dunia halijafikia kiwango cha sasa. Kwa hiyo haitakuwa sahihi kudai kuwa kila kimbunga kinachofika Tanzania kimeletwa na mabadiliko ya tabianchi.

Uchache wa matukio hayo una sababu ya kijiografia. Kimbunga huhitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili kianze kujizungusha, na msukumo huo ni dhaifu karibu na ikweta. Wilaya ya Kilwa iko takribani nyuzi 9 kusini mwa ikweta, pembezoni mwa ukanda ambamo vimbunga hujengeka. Aidha, vimbunga vingi vya Kusini Magharibi mwa Bahari ya Hindi huelekea Madagaska na Msumbiji, au hukunja kona kuelekea kusini kabla ya kufika Tanzania. Kwa kuwa vinavyotua nchini ni vichache mno, kumbukumbu za Tanzania pekee haziwezi kuthibitisha ongezeko wala pungufu. Ushahidi hupatikana kwa kuitazama bahari nzima.

Ushahidi huo ulifanyiwa tathmini na Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) katika ripoti yake ya mwaka 2021. Kuhusu idadi, jopo hilo halikutarajia vimbunga duniani viongezeke kadiri joto linavyopanda. Vinaweza kubaki vilevile au hata kupungua. Kuhusu nguvu, lilieleza kuwa kuna uwezekano mkubwa kwamba katika miongo minne iliyopita sehemu ya vimbunga vinavyofikia madaraja ya juu imeongezeka, na kwamba itaendelea kuongezeka. Kuhusu mvua, lilibainisha kuwa vimbunga vitaandamana na mvua kubwa zaidi. Kwa ufupi, kinachotarajiwa ni vimbunga vyenye madhara makubwa zaidi, wala si lazima viwe vingi zaidi.

Sababu yake inaeleweka. Chakula cha kimbunga ni joto la bahari. Kwa kawaida maji ya juu yanapaswa kuwa na nyuzi joto 26.5 au zaidi ili kimbunga kijengeke. Bahari ya Hindi ni miongoni mwa bahari zinazopata joto kwa kasi, hasa upande wake wa magharibi unaopakana na Afrika Mashariki. Pia, kwa kila nyuzi moja ya ongezeko la joto, hewa huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa takribani asilimia 7. Mvuke huo ndio unaorudi ardhini kama mvua. Sambamba na hilo, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takribani sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, hivyo mawimbi yanayosukumwa na kimbunga huanzia juu zaidi na kuingia mbali zaidi nchi kavu.

Matukio ya miaka ya karibuni katika ukanda huu yanaonyesha uzito wa suala hilo. Aprili 25, 2019, Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, si mbali na mpaka wa Mtwara, wiki chache tu baada ya Kimbunga Idai kuipiga Beira. Aprili 2021, Kimbunga Jobo kiliikaribia pwani ya Tanzania lakini kikadhoofika kabla ya kuleta madhara makubwa. Mwaka 2023, Kimbunga Freddy kilidumu siku 36, muda ambao Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa ni rekodi. Desemba 2024, Kimbunga Chido kiliisambaratisha Mayotte, kisha kikaingia Jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Hidaya chenyewe kilikuja Mei, baada ya kipindi cha Novemba hadi Aprili ambacho ndicho msimu wa kawaida wa vimbunga katika eneo hili.

Hapa ndipo somo la Kilwa linapojitokeza. Kimbunga hupangwa katika daraja kwa kasi ya upepo wake. Inapotangazwa kuwa kimepoteza nguvu, maana yake ni kwamba upepo umepungua. Unyevu kiliokuja nao kutoka baharini haujatoweka. Taarifa ya TMA kuhusu Hidaya ilikuwa sahihi, lakini kilichoikata barabara ni maji. Mwananchi aliyesikia neno "kupungua" akadhani hatari imekwisha alijibiwa na mto uliokuwa ukijaa.

Uthibitisho mwingine ulipatikana Aprili 2025, barabara hiyohiyo ilipokatika tena eneo la Somanga kutokana na mvua kubwa, ingawa safari hii hakuna kimbunga kilichokuwa kimetua nchini. Kwa wilaya yenye mabonde ya mito kama Matandu, Mavuji na Mbwemkuru, swali la ukali wa vimbunga kwa kweli ni swali la wingi wa maji: makalvati na madaraja yaliyopimwa kwa mvua za zamani yatahimili mvua za sasa? Ndiyo maana Serikali iliamua kuwa, baada ya matengenezo ya dharura, yajengwe madaraja mapya ya kudumu katika maeneo yaliyoathirika badala ya kurudisha miundombinu ya ukubwa uleule.

Ujenzi, hata hivyo, huchukua muda, na msimu wa mvua hausubiri. Kwa Kiranjeranje, Mei na Juni ni miezi ya kuvuna ufuta, zao ambalo bei yake hupatikana kwa minada na ambalo lazima lisafirishwe. Mvua ya nje ya msimu huweza kuukuta ufuta uliokatwa ukiwa bado shambani, na barabara iliyokatika huchelewesha mzigo uliokwisha kufika ghalani. Mjamzito anayekaribia kujifungua na mgonjwa anayetegemea dawa za kila siku hawana nafasi ya kusubiri maji yapungue.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Kazi ya kamati hizo katika ngazi ya kata haipaswi kuanza maji yakiwa yamekwisha kuingia majumbani. Ni wajibu wake kuzitambua kaya zilizo mabondeni, kupanga mahali pa kuhamia, kujua wagonjwa wanaohitaji kusogezwa mapema karibu na huduma, na kuhakikisha taarifa ya TMA inamfikia asiye na simu wala redio.

Wananchi nao wanashauriwa kuzisoma taarifa za TMA kwa ukamilifu wake. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Taarifa ya kimbunga na taarifa ya mvua kubwa ni mambo mawili tofauti; ya kwanza ikifutwa, ya pili yaweza kuwa bado inaendelea. Ni muhimu kusubiri taarifa ya mvua kabla ya kurejea bondeni, na kutojaribu kuvuka barabara ambayo maji yanapita juu yake, kwa miguu au kwa chombo chochote.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa pwani ya Kilwa, dalili hizo sasa hutolewa siku kadhaa kabla, zikiwa na tarehe na majina ya mikoa. Hidaya ilionyesha kuwa tahadhari hudumu hadi mito itakaporudi katika kingo zake, hata kama upepo ulitulia usiku uliotangulia.