Marando Nayo ni Msaada

Msaada wa kibinadamu, kwa picha zilizozoeleka, hufika kwa lori la mahindi au sanduku la dawa. Toleo hili linamtanguliza mtu ambaye msaada wake ni mzigo wa majani: Dkt. Robert Mwanga wa Uganda, mtafiti wa viazi vitamu.

Mwaka 2016 alipokea Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na Maria Andrade wa Cape Verde na Wamarekani Jan Low na Howarth Bouis. Mwanga, Andrade na Low walitambuliwa kwa kiazi chenye rangi ya chungwa ndani, kile ambacho Watanzania hukiita kiazi lishe. Rangi hiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo haoni vizuri giza likiingia, na surua au kuhara kukimpata, hana nguvu ya kupambana. Gramu 125 za kiazi hicho, kimoja kidogo tu cha kuchemsha, humtosha mtoto mdogo kwa siku nzima.

Shambani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Aina nyingi za kigeni zilikuwa na majimaji, na mlaji wa Afrika Mashariki anataka kiazi kikavu, chenye unga, kinachoshibisha. Isitoshe, virusi vinavyoenezwa na inzi weupe na vidukari viliidumaza mimea. Katika kituo cha utafiti cha Namulonge, Uganda, Mwanga na wenzake walizalisha, wakapanda, wakatupa zilizoshindwa, na wakawashirikisha wakulima, wengi wao wanawake, katika kuchagua na kuonja. Mwaka 2007 zikatoka aina mbili zinazofahamika kwa majina ya Vita na Kabode. Kwa maoni ya jarida hili, sufuria la mkulima ni hakimu wa haki kuliko kurasa za tasnifu.

Ila kiazi hakipandwi kwa punje. Hupandwa kwa marando, yaani vipande vya mashina yake, na marando hukauka kiangazi kikikaza. Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, ambako kina mama huanika michembe na matobolwa, yaani viazi vya kukaushwa, wapate chakula cha miezi mikavu, mvua za kwanza huwakuta wengi hawana cha kupanda. Watafiti na wakulima wakabuni njia ya beseni na mchanga mkavu. Viazi vidogo visivyo na fukusi hupangwa tabaka kwa tabaka bila kugusana, hufukiwa, kisha wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua huhamishiwa kitaluni na kumwagiliwa. Mvua ikifika, marando yako tayari.

Beseni, hata hivyo, haliondoi virusi. Marando safi hutoka maabara na kwenye vitalu vya neti, kazi inayotaka fedha kila msimu. Makampuni ya mbegu hayana sababu ya kuikimbilia, kwani mkulima akishapata marando humkatia jirani bure. Ukarimu huohuo uliovifikisha viazi lishe vijijini ndio unaowakimbiza wafanyabiashara.

Kwa hiyo mzigo huu ni wa serikali. Sehemu kubwa ya usambazaji imebebwa na miradi ya wafadhili, na miradi huisha. Halmashauri zinazopanga bajeti ya matone ya vitamini A kwa watoto zitenge, katika bajeti hiyohiyo, fungu la kudumu la vitalu vya marando, na maofisa wa afya na wa kilimo walisimamie kwa pamoja.