Kuruka Nako Hufundishwa

Juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: kuwafundisha watoto wa shule za msingi kuruka. Tukilitaja mikutanoni watu hucheka. "Mtoto gani," huuliza, "asiyejua kuruka?"

Wapo, tena wengi. Sisi tuliosomea ualimu tumewaona. Mwalimu huwapanga watoto mstari mmoja, akachora mto mchangani, akawaamuru waruke. Hodari huvuka na kupigiwa makofi. Aliyetumbukia huambiwa akae kivulini. Akiwa msichana, huambiwa pia kwamba kuruka si kazi yake. Basi anayehitaji somo kuliko wote ndiye anayegeuzwa mtazamaji. Je, asiyejua kujumlisha naye hufukuzwa katika hesabu?

Kuruka kuna hatua zake, kama kusoma kulivyo na herufi zake. Mtoto aanze kwa mguu mmoja, wa kulia kisha wa kushoto. Halafu apige hatua na kuruka kwa mguu uleule, kisha hatua nyingine na kuruka kwa mguu wa pili, polepole, ameshikana mkono na mwenzake, ngoma ikiwapa mwendo. Ndipo apewe kamba. Kuchupa ni kuondoka kwa mguu mmoja na kutua kwa mwingine. Mto ule wa mchangani uchorwe mwembamba upande huu na mpana upande ule, kila mtoto achague pa kuvukia: leo hapa, kesho mbele kidogo. Atue goti likiwa limekunjika kidogo, si mguu mkavu kama gogo. Kwa njia hii hakuna anayekaa kivulini.

Hatuombi fedha. Kamba ya katani yatosha, na nchi yetu ni nchi ya mkonge. Tunachoomba ni kipindi cha michezo kiheshimiwe. Kimeandikwa katika ratiba, lakini mtihani ukikaribia huliwa na hesabu, na siku nyingine watoto hutumwa maji.

Mwaka 1980, huko Moscow, ndugu yetu Filbert Bayi aliipatia Tanzania medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mbio hizo zina viunzi 28, na maji mara 7. Hatusemi kila mtoto atakuwa Bayi. Twasema kila mtoto ana haki ya kuumiliki mwili wake, aruke mtaro bila hofu, na acheze na wenzake bila kuchekwa.

Wazazi na wanachama, nendeni katika mikutano ya shule mkaulize: kipindi cha michezo kiko wapi? Nanyi walimu wenzetu, mwiteni yule aliyekaa kivulini. Somo lianze naye.